Mama Kaltumu na Ngoma Ambayo Sikuicheza

Kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nina ugonjwa wa ngozi usio wa kawaida, unaovimbisha sehemu zenye tezi za jasho. Kwapani hunitoka majipu yenye uchungu. Yanapasuka, yanapona, yanarudi. Mama Kaltumu hakuambiwa. Aligundua mwenyewe.

Tarehe 31 Julai anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kulea wasichana wa bweni letu hapa Gisenyi. Alianza kama mshonaji wa sare, kisha akawa matroni. Ndiye aliyepigania maji ya bomba mpaka yakafika bafuni kwetu. Pua yake ilikuwa maarufu. Ukificha sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya Ziwa Kivu vinavyoshushwa kwenye bandari ya wavuvi ya Rubona, alisimama mlangoni na kutangaza: "Mademoiselle, sanduku yako inanuka Rubona muzima!" Tulicheka mpaka mwenye sanduku akajitaja.

Pua hiyo ndiyo niliyoiogopa. Nikiwa kidato cha tano nilivaa sweta hata juani, harufu ya usaha isitoke. Siku moja aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akasema taratibu: "Cyuzuzo, mwanangu, we uko mugonjwa, hauko muchafu." Kesho yake alinipeleka hospitali. Daktari akasema vilevile: ugonjwa huu hautokani na uchafu, wala hauambukizi.

Wiki ile tulikuwa tunajiandaa kucheza mbele ya wageni wa shule. Katika ngoma yetu wasichana huinua mikono kama pembe za ng'ombe, nami sikuweza kuifikisha yangu hata mabegani. Mama Kaltumu akaniondoa bila kutoa sababu. Mwalimu Rugwiro, anayetufundisha ngoma, alikasirika mbele ya wote: "Matroni iko na watoto yake ya kubembeleza!" Walimu wengi waliamini hivyo, na wengine wanaamini hadi leo.

Neno moja tu lingemsafisha. Yeye alijibu: "Bon, ni mimi nilimukataza. Munilaumu mimi."

Lawama hiyo ameibeba mwaka mzima. Sitaki aondoke nayo.

Asante, Mama Kaltumu, kwa niaba ya wasichana wote uliowalea. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema, na nyumba isiyokosa wageni.

Nanyi walimu na wasichana wa shule mnaosoma salamu hizi za kumuaga, sasa mnajua kwa nini alinyamaza. Nawaomba mnyamaze kama yeye. Nyumbani kwetu bado hawajui, na nataka wasikie kutoka kwangu.