Wakili Kisilu Ndululu na Kiapo cha Mama Kavindu

Wakili Kisilu Ndululu alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 hapa Kalamba, mtoto wa pili wa Mzee Ndululu na Mama Katunge. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akaenda sekondari Kitui, kisha chuo kikuu Nairobi alikosomea sheria. Aliapishwa kuwa wakili mwaka 2020. Mwaka uliofuata alifungua ofisi Kitui mjini, ghorofani juu ya duka la mbegu, na Desemba akafunga ndoa kanisani na Kaveke.

Alikuwa mtu makini, na nitasema hivyo hata wengine hapa wakiguna. Tarehe za korti aliziandika katika shajara mbili, moja ofisini, nyingine nyumbani. Mnunuzi na muuzaji wa shamba wakija pamoja, mmoja alimtuma kwa wakili mwingine, asije akawawakilisha wote wawili. Mimi dada yake nilipompelekea hati ya kiapo bila kitambulisho, aliniambia, "Madam, mimi sikujui. Rudi nyumbani ulete ID." Nilimtukana njia nzima mpaka Kalamba. Jioni alinipigia simu akicheka.

Lakini tarehe 9 Februari 2023, binamu yetu Kasyoki alimletea hati ya kiapo ya mama yake wa kambo, Mama Kavindu, ambaye ni mjane. Ilisema mama amekubali shamba liandikwe jina la Kasyoki. Mama mwenyewe hakuwepo. "Goti linamsumbua, hizo ngazi zako hawezi," Kasyoki alisema. "Ama unaniona mimi mwizi?" Kisilu aliona haya, akapiga muhuri chini ya maneno "ameapa mbele yangu". Siku hiyo Mama Kavindu alikuwa huku akichuma ndengu, hana habari. Alama ya kidole gumba kwenye hati ile si yake. Mwaka uliofuata alifukuzwa shambani.

Mama alipokwenda kortini Makueni kudai shamba lake, ni Kisilu tu angeweza kusema kwamba mama hakuapa. Aliogopa kunyang'anywa leseni. Inaniuma kuandika haya, lakini alinyamaza mwaka mzima, na sisi nyumbani tukanyamaza naye.

Januari 2025 alipatikana na saratani ya ini. Hospitalini aliniambia, "Dada, andika. Andika hakuja. Andika sikumwona." Niliandika. Wakili Nzilani, rafiki yake wa chuo, alifika Jumatatu tarehe 3 Machi kumwapisha, akamkuta amepoteza fahamu tangu asubuhi. Nilimsihi apige muhuri tu, maana maneno yalikuwa ya Kisilu mwenyewe. Alilia, akakataa.

"Hajaapa mbele yangu," alisema. Alikaa kando ya kitanda mpaka saa kumi, muhuri ukiwa mkobani. Kisilu alifariki kesho yake.

Ameacha wazazi wake, mke wake Kaveke, binti yao Kasyoka wa miaka miwili, na mimi. Kesi ya Mama Kavindu itasikizwa mwezi ujao. Karatasi ninayo, haina sahihi, na wakili wa Mama ameniambia nisitegemee mengi.

Mungu ampe ndugu yetu amani. Mama Kavindu, nimekuona umekaa huko nyuma. Sisi hatuna la kukupa.