Dirisha la Hewa na Binti Asiyeomba Radhi

Mheshimiwa Meya Ackerly; Daktari Whitcomb, mlezi wa wanafunzi wa Chuo cha Pellam; Bwana Garrick Stroud, mwenyekiti wa umoja wa wenye nyumba za kupangisha, uliyeketi mstari wa mbele na tai nzuri kabisa; walimu; wazazi wenzangu mlioendesha gari tangu alfajiri; na nyinyi watoto, ambao shughuli hii ni yenu ingawa mmepewa viti vya nyuma: namsalimu kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Naitwa Bernadine Hruska. Ni mpishi wa shule ya msingi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Sekondari niliiacha umebaki mwaka mmoja, kwa hiyo nikikosea mahali jueni si kwa makusudi, na nikipatia jueni ni kwa makusudi kabisa. Mimi ndiye niliyemzaa Joline, yule mrefu aliyesimama karibu na mlango, anayeomba moyoni mama yake asishike kipaza sauti kwa muda mrefu. Mwanangu, umechelewa.

Leo tunafungua ofisi ya wanafunzi wanaoishi nje ya chuo. Wenye elimu wamekwisha kueleza itafanya nini. Mimi nitaeleza ilikotoka.

Desturi ya hapa mnaijua. Oktoba, majani hayajamaliza kuanguka, watoto wanakimbizana kutia sahihi mikataba ya nyumba watakazohamia Agosti ya mwaka unaofuata. Nyumba zenyewe zina majina, yamepakwa rangi kwenye ubao juu ya baraza, na jina likishakuwa maarufu hakuna anayeuliza kama paa linavuja. Ya Joline iliitwa Bata Mvivu. Alinipigia simu analia kwa furaha: wamepata Bata Mvivu, kundi linaloondoka limewarithisha wao, nitie sahihi ya udhamini kabla ya jioni. Nikatia. Niliitia juu ya kaunta ya jikoni, mkono mmoja una unga, nyumba sijaiona hata kwa picha. Mimi, nisiyenunua tikiti maji bila kuligonga. Mnacheka, wazazi wenzangu, lakini ni wangapi humu ndani waliligonga tikiti lile?

Agosti ikafika, tukapeleka mizigo. Nikakuta kuna mila: mgeni katika nyumba hulala chumba cha chini ya ardhi mwaka wa kwanza, na mgeni alikuwa Joline. Nikashuka ngazi. Chumba kina mlango mmoja, na mlango huo unatazamana na tanuri la kupashia nyumba joto. Dirisha liko juu karibu na dari, refu kama mkate na pana kama mikate miwili. Nikauliza, tanuri likishika moto mtu anatokea wapi? Treva, mwenzake wa nyumba ile, binti mwenye adabu zake, akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi mimi nikapanda juu ya kreti la maziwa nikajaribu kutoka. Kichwa kilipita. Mabega yalipita kwa mabishano. Kiuno, mabibi na mabwana, kiuno cha familia yetu hakijawahi kushindwa na kitu, lakini siku ile kilishindwa. Nikabaki nusu bustanini, nusu chumbani, Joline na Treva wamenishika miguu wanavuta, na hapo juu ya majani nikaona viatu vya Bwana Stroud, mwenye nyumba. Akainama akaniambia kwa upole sana, "Mama, hilo ni dirisha la hewa, si la watu."

Nikamjibu nikiwa palepale chini, "Na moto ukija, mwanangu atoke kama nani? Kama hewa?"

Viatu vikageuka, vikaondoka. Ni zaidi ya mwaka sasa. Bwana Stroud, leo nimesimama, unaweza kunijibu ukipenda.

Mimi ningerudi nyumbani nikanung'unika kwa majirani, maana ndivyo tulivyozoea watu wa kwetu. Joline hakunung'unika. Alimwandikia mwenye nyumba barua, kwa heshima, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Barua zikanyamaziwa. Ndipo akamwita mkaguzi wa majengo wa mji. Mkaguzi alikaa chini kule dakika nne, akapanda, akabandika karatasi nyekundu mlangoni: chumba kisilaliwe.

Mnadhani alipigiwa makofi? Bwana Stroud aliwaondoa wasichana wote ili atengeneze nyumba, ubao wa Bata Mvivu ukashushwa, na mila ya miaka kumi na tisa ikawa imeuawa na mtoto wa mpishi. Wenzake waliokula kabichi zangu zilizojazwa nyama kwa vijiko viwili waliacha kumsalimia. Kila nyumba aliyoomba kupanga aliambiwa imejaa, hata zile zenye kibao cha kutafuta wapangaji. Alihama mara tatu, kwa rafiki mmoja hadi mwingine, katika majira ya baridi moja. Nikamwambia arudi nyumbani. Akasema, "Mama, nikirudi, chumba kile kitafunguliwa Agosti na atalala mwingine." Sasa nyinyi mliosoma, niambieni, hilo amelifundishwa darasa gani?

Akanunua futi ya fundi, akaanza kwenda kwa wenzake, nyumba moja baada ya nyingine. Anapima madirisha. Anabonyeza ving'ora vya moshi. Na msifikiri anawaonea wenye nyumba peke yao. Nyinyi watoto mmevivika ving'ora vyenu kofia za kuogea ili mkikaanga nyama visilie. Amezivua kofia ishirini na sita, hesabu ninayo. Mmeunganisha waya juu ya waya hadi hita inapata umeme kutoka chumba cha jirani. Mmeacha sofa kwenye baraza hadi panya wakaanza familia. Mzee wa nyumba ya pembeni analala saa tatu, nyinyi ngoma zinaanza saa tatu na dakika moja. Joline anawaambia hayo usoni, halafu theluji ikianguka anamsafishia yule mzee njia yake. Ukitaka kumdai mtu haki yako, kwanza uwe mpangaji ambaye jirani atamlilia siku akihama. Hilo amelipata kwangu, sitaki kugombana na mtu. Mwishowe chuo kikaona kazi hiyo ya kukagua nyumba inahitaji ofisi, na ndiyo hii.

Sasa nifike panapouma. Jana Daktari Whitcomb aliniita, akanipa chai, akanipa na karatasi. Umoja wa wenye nyumba umekubali kufungulia ofisi hii milango ya nyumba zao ije kuzikagua, kwa sharti moja: Joline aombe radhi hadharani kwa kumharibia Bwana Stroud jina. Joline alikataa. Ikaonekana labda mama ataomba kwa niaba yake, kwa kuisoma karatasi ile hapa leo. Karatasi imeandikwa vizuri, ina maneno kama "ujana" na "kutoelewana". Nikampigia mwanangu. Akasema, "Usiisome, Mama. Lakini usimtukane."

Simtukani. Nimetafuta neno zuri juu ya Bwana Stroud usiku kucha na nimelipata: anakata majani ya bustani yake vizuri, nimeyaona kwa karibu kuliko mtu yeyote hapa. Lakini radhi haipo. Mtu huombwa radhi kwa kosa, na kosa lilikuwa chumba. Daktari, umenitendea wema, ndiyo maana nakuambia mbele ya watu na si nyuma ya mgongo wako: mwanangu haombi, mimi siombi, na karatasi yako nimeiacha juu ya meza ya chai.

Naona nyuso zimebadilika. Mnasema, basi milango imefungwa, ofisi imekufa kabla ya utepe kukatwa. Subirini. Ule mkataba niliotia sahihi bila kuuona, baadaye niliusoma mara tatu, kwa kidole, mstari kwa mstari, na meneja wa mji, anayeendesha ofisi za Meya, akanithibitishia nimeelewa. Mpangaji ana haki ya kupokea wageni nyumbani kwake. Haikuandikwa kwamba mgeni asije na futi. Milango ile si ya umoja kuifungua. Ni yenu, nyinyi wa viti vya nyuma.

Kwa hiyo nauliza. Nani anamkaribisha Joline kesho? Nyanyua mkono. Najua mnaogopa kuambiwa nyumba zimejaa. Mnaweza kukaa kimya, na hakuna atakayewalaumu. Lakini hawawezi kuwafukuza wote, wakafukuza na kodi ya Agosti pamoja.

Nasubiri. Nahudumia foleni ya watoto mia tatu kila mchana, najua kusubiri.

Namwona mmoja. Wewe wa sweta ya kijani. Unalala wapi, binti? Darini. Kuna ngazi ngapi za kutokea? Moja. Haya, wewe ni wa saa tatu asubuhi. Na wewe jirani yake. Na wale watatu kwenye ukuta. Taratibu, msiinuke wote, wa nyuma hawataonekana. Joline, njoo huku mbele uandike majina, mimi mwandiko wangu haufai.

Mheshimiwa Meya, utepe ni wako, kata wakati wowote. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu; wenye mikono juu wapange mstari upande huu.