Nanga Ambayo Mervyn Tranter Hakuivaa

Marehemu Mervyn Clive Tranter alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Port Pirie, Australia Kusini, mtoto wa pili wa Clive na Ida. Alisoma hukohuko hadi umri wa miaka kumi na minne, akaacha shule kwa hiari yake, na walimu hawakumbembeleza.

Mwaka 1949 aliingia jeshi la majini. Akapanda hadi AB, yaani baharia kamili asiyeongoza wenzake, na hapo akaganda mpaka alipostaafu mwaka 1970. Herufi hizo zilimchosha mkewe, Avis. Kwenye uchangiaji damu walidhani ni kundi lake la damu. Mchungaji alidhani ni shahada ya chuo. "Maana yake ni mume asiyetaka cheo," Avis alikuwa akiwajibu.

Walifunga ndoa Hastings, Victoria, tarehe 4 Juni 1955. Mwaka 1958 Mervyn alifaulu mtihani wa uongozi, na Avis kwa furaha akashona nanga ya kitambaa, alama ya cheo hicho, kwenye koti la mumewe kabla ya tangazo. Mke wa baharia hafanyi hivyo. Ni kujitakia nuksi. Wiki ileile Mervyn alichelewa kurudi melini, cheo kikafutwa. Avis aliifumua nanga huku analia. Mitihani miwili iliyofuata, mambo yakawa yaleyale.

Mwaka jana, mapafu yalipomlaza, Avis alimkabili. "Merv, ulikuwa unachelewa makusudi?"

"Makusudi, mama watoto. Mwenye nanga lazima awashtaki wenzake kwa afisa. Mimi nimshtaki rafiki yangu Snow, na ulevi wake ule?"

"Miaka yote hiyo nanuna, wewe kimya! Si ungeniambia?"

"Ungemwambia dada yako."

Avis alikasirika, na mpaka leo hajapoa. Mervyn alifariki nyumbani tarehe 2 Agosti 1994.

Juzi Snow Garrity, rafiki yake wa melini, alimkuta Avis ameishika nanga ile kando ya koti la kumzikia.

"Shemeji, hiyo hakuipata."

"Hakuipata kwa ajili yako, Snow!" Akamweleza yote.

 Snow akaomba sindano, akaishona mwenyewe ndani ya mfuko wa koti, mahali ambapo afisa hatazami.

Marehemu ameacha mjane, Avis, mabinti Lorna na Gwenyth, na wajukuu watano. Avis anamwomba Mungu amlaze pema, na safari hii, jamani, Merv afike kwa wakati.