Sista Ndila na Yai la Kwanza la Kaveke

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Sista Dianah Ndila anavua sare baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi: kumi na miwili kule Kimbo, iliyobaki katika kliniki yetu ya watoto hapa Ngoingwa.

Kina mama wa Kimbo humkumbuka kwa mayai. Siku hizo mashosho, yaani bibi za watoto, walishikilia kwamba mtoto akila yai kabla hajaanza kusema, atachelewa kuongea. Sista hakugombana nao. Aliwaletea tu mwanawe Muasya, aliyekula mayai tangu miezi sita, awasalimie. Nani angemnyamazisha Muasya?

Maagizo yake ya yai la kwanza tunayajua kwa moyo. Mtoto awe mzima siku hiyo. Yai lichemshwe hadi liwe gumu, lipondwe, aonjeshwe ncha ya kijiko asubuhi, bila chakula kingine kipya. Kisha utazame mtoto, si simu. Akivimba midomo, akitapikatapika au akipumua kwa shida, hospitali mara moja, usimngoje baba yake.

Sasa niseme jambo aliloniruhusu kusema, japo kwa kununa. Mwaka jana alipata mjukuu, Kaveke, mwenye ukurutu mkali, ugonjwa wa ngozi unaoongeza hatari ya mzio wa mayai. Daktari alimpima akaagiza yai la kwanza aonjeshwe hapa kliniki, siku ya Jumanne. Sista akaahirisha. Jumanne hii mafua, Jumanne ijayo mvua, hadi mtoto akatimiza miezi minane. Mimi, muuguzi mwenzake, nikamwambia wazi kwamba kama ni mama mwingine aliyeahirisha hivyo, yeye angemkaripia. Akacheka, halafu akalia. Alisema ameona watoto waliovimba, na sasa kila akishika kijiko anaona uso wa Kaveke.

Basi wakaja. Kijiko akanikabidhi mimi nimwonjeshe mtoto. Tukakaa kwenye benchi saa mbili nzima, naye akimfunua mtoto tumbo kila dakika. Kaveke akapiga chafya moja tu, Sista akaruka wima! Lakini wapi, hakukuwa na kipele hata kimoja. Mtoto akalala fofofo. Jamani, sijawahi kumwona mtu akishusha pumzi vile.

Siku hizi Kaveke humaliza yai zima.

Sista, nenda nyumbani Kalimoni ukale uzee mtamu, wenye afya na wajukuu tele. Asante kwa kututuliza miaka hii yote, na kwa kukubali, Jumanne ile moja, sisi tukutulize wewe.