Saa ya Kulwa na Saa ya Doto

Pale Kirumba, barabara inapoteremka kwenda Mwaloni, lipo benchi la mbao linaloitwa Bungeni, kwa sababu maneno ni mengi na hakuna linalotekelezwa. Jumamosi ile ya mwaka tisini na saba, saa kumi jioni, Doto alifika na kichwa cheusi tii. Tangu apunguzwe kazi kiwanda cha nguo kilipouzwa, kichwa kile kilikuwa na mvi kama pamba iliyopasuka. Leo kimepakwa piko, tena piko lenyewe limemwagikia mpaka sikioni. Sababu alikuwa nayo. Pacha wake, Kulwa, aliyezamia meli miaka kumi na mitatu iliyopita akaibukia Ulaya, alikuwa anarudi leo kwa ndege. Utotoni hata mama yao mzazi alikuwa akimchapa Doto kwa makosa ya Kulwa. Doto alichoka na mengi, lakini hili alilitaka bado: mtaa ushindwe tena kuwatofautisha.

– Kijana, shule unasoma wapi? aliuliza Luhende, mpakia samaki waliyembatiza Winchi kwa mizigo anayonyanyua.

– Niache. Venant, nipe kahawa.

Venant, mwenye birika, alimimina bila kucheka.

– Hata upake lami, alisema Winchi, Kulwa atakuwa kijana kuliko wewe. Mwalimu, mweleze ile ya jana.

Mwalimu Rwekaza, Mhaya aliyefundisha fizikia sekondari miaka thelathini, hakungoja aombwe mara mbili.

– Hakuna kinachoishinda nuru kwa mbio. Sekunde moja, ingeizunguka dunia mara saba. Sasa chukua mapacha. Kulwa anapanda roketi inayokimbia kuikaribia nuru, Doto anabaki hapa. Saa ya Kulwa itakwenda polepole kuliko ya Doto. Akirudi, yeye ana miaka thelathini, Doto ana sitini.

– Saa ya Kulwa mbovu, alisema Venant.

– Nzima kabisa! Ni muda wenyewe. Na mle ndani Kulwa haoni tofauti, anakunywa chai yake kama kawaida.

– Ala! Winchi akashika kichwa. Ndiyo maana minofu ya sangara inafika Ulaya haijaoza! Muda haupiti mle ndegeni. Kumbe barafu ni geresha tu.

– Ndege mbele ya nuru ni konokono, Winchi. Rubani akiruka maisha yake yote, hapunguzi hata kupepesa kwa jicho.

– Hata hivyo anapunguza. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwalimu alihema. Alikuwa amehema hivyo mbele ya madarasa mengi.

– Tena mbio hizo zina gharama. Kadiri kitu kinavyoikaribia nuru, ndivyo kinavyozidi kuwa kizito kusukuma. Ndiyo maana hakiifikii kamwe.

– Basi hilo ni soko huria! Venant aliinua birika. Tazameni waliokimbilia kununua viwanda vilipouzwa. Vitambi! Shingo zimezama mabegani! Tulidhani ni kula, kumbe ni kasi. Sisi wa benchi tunakonda tu. Wahenga walishasema, mgeni njoo mwenyeji apone.

– Methali hiyo haihusiki.

– Mwenyeji hapa ni nani, Mwalimu? Na amepona?

Doto alicheka nao kidogo, lakini iliuma. Miaka ishirini alisimama mbele ya mtambo uleule, zamu ya usiku, akimeza vumbi la pamba. Hakwenda popote, na bado alizeeka.

– Mwalimu, akirudi hivyo, mkubwa ni nani?

– Kwa kuzaliwa, Kulwa. Kwa miaka mliyoishi, wewe.

– Basi Kulwa akupe shikamoo, alikata kesi Winchi.

– Pacha hamwamkii pacha! Doto alipiga benchi, kahawa ikamwagika. Hatujapeana shikamoo tangu tuzaliwe. Mimi arobaini na nne, yeye arobaini na nne. Basi!

Venant akamwongezea kahawa bila kuombwa.

Ndipo teksi iliposimama ng'ambo ya barabara. Akashuka mwanamke kijana, akavuka kuja upande wao. Nyuma yake mwanamume mwenye mabega mapana, nywele nyeusi zisizo na piko, aliinamia buti akishusha masanduku. Doto aliijua shingo ile. Ilikuwa yake, ya zamani.

– Shikamooni, wazee wangu.

– Marahaba, mwanangu, waliitikia wote, na Doto naye, kwa mazoea.

– Mimi naitwa Hellen, mke wa Kulwa. Kaniambia nitangulie nikamkumbatie shemeji yangu Doto. Eti nisiulize mtu, nitamjua mwenyewe, maana ni yeye mtupu.

Alimtazama Winchi, akamtazama Mwalimu, akamtazama Doto kwa adabu, kisha macho yakapita kutafuta nyuma yao. Mwishowe akamrudia Doto, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimkodolea macho.

– Samahani, baba. Doto yuko wapi?

Winchi alichungulia kikombe kilichokwisha. Doto alipangusa sikio, vidole vikatoka vyeusi, na kule kwenye teksi yule mtu akafunga buti, akaanza kuvuka barabara.