Phelista Nakhungu: Aliyeimbwa na Wengi, Akaguswa na Mmoja

Baba Askofu, wachungaji, wazee wa ukoo wa Kiptum mliotupokea hapa nyumbani kwenu, wazee wetu mliotoka Kabuchai alfajiri, walimu, mafundi wa cherehani, wanabendi na waombolezaji nyote, mimi ni Pauline, dada mkubwa wa marehemu, na familia zote mbili zimenituma nisimame hapa niyasome maisha yake. Kamati ya mazishi iliniomba niwe mfupi, tena niseme kwamba Phelista alituacha baada ya kuugua kwa muda, kama tunavyosema kwenye matanga mengi ili watu waende nyumbani bila kusumbuka, lakini mumewe amekataa, baba yetu amekataa, na mimi nimekataa, kwa hivyo mtavumilia, mtasikia ilivyokuwa.

Phelista Nakhungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 huko Kabuchai, Bungoma, mtoto wa pili wa Mzee Wabwile na Mama Nekesa, akitanguliwa na mimi na kufuatwa na ndugu yetu Ian, ambaye wengi wenu mnamjua kwa gitaa lake. Alikuwa mtoto wa kucheka, mwenye maneno, mtoto ambaye ukimtuma chumvi dukani anarudi na chumvi pamoja na habari za kijiji kizima. Mwaka wa 1996, akiwa na miaka saba, alianguka jikoni kando ya mafiga, mkono wa kushoto ukaingia motoni, na watu wazima waliokuwa pale, ambao sitawataja kwa sababu wawili wameketi katika hema hili, walirudi nyuma wakisema povu la mdomoni likikugusa nawe utaanguka, na mkono ule ulikaa motoni mpaka baba alipotoka shambani akikimbia. Kovu lake mliliona kila alipowapima nguo. Huo ulikuwa ugonjwa wa kifafa, lakini kwa miaka kumi hakuna aliyeuita jina lake nyumbani kwetu, uliitwa pepo, uliitwa laana ya bibi, uliitwa mambo ya Phelista, na kila mwenye kuuita alikuja na mafuta yake, au kamba yake, au siku zake za kufunga, na aliyenyimwa kula alikuwa mtoto.

Alianza masomo yake ya msingi Kabuchai mwaka wa 1996, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2003 na kupita vizuri, na mwaka uliofuata akajiunga na shule ya upili ya bweni upande wa Tongaren, ambayo jina lake familia imeamua kulihifadhi. Alipokuwa kidato cha pili alirudishwa nyumbani na sanduku lake, akiambiwa akae mpaka apone, kwa sababu wazazi wa wasichana wengine walisema atawaambukiza bweni zima. Baba hakugombana, ila mwaka wa 2006 alimshika mkono wakaenda hospitali ya misheni ya Lugulu, na hapo kwa mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe aliketi chini, akawatazama wote wawili, akasema huu ni ugonjwa wa ubongo kama vile pumu ni ugonjwa wa kifua, una dawa, na dawa inamezwa kila siku. Muuguzi mmoja alimfundisha maneno ya kuwaambia watu walio karibu naye, naye akayashika, akawa anayasema kwa kila mtu mpya kama wengine wanavyosema niaje: nikianguka nigeuze ubavu, ondoa jiwe karibu na kichwa, usinishikilie, usinitie kitu mdomoni, kaa hapo, narudi. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2008 akisoma shule ya kutwa kutoka kwa shangazi yetu, akienda na kurudi kwa miguu, na hakuna msichana hata mmoja aliyeambukizwa.

Kuhusu kazi, marehemu alisomea ushonaji mjini Kitale mwaka wa 2009, na miaka miwili baadaye akafungua chumba chake mwenyewe nyuma ya soko, akishona sare za shule, majoho ya kwaya na nguo za harusi, na nikitazama kutoka hapa naona kola nyeupe za wachungaji wawili ambazo zilitoka mkononi mwake.

Kuhusu ndoa, alikutana na mwalimu Kiptum mwaka wa 2012, alipokuja kushonewa suruali, na siku ile ile Phelista alianguka kati ya meza na mlango. Alipozinduka alimkuta mwalimu ameketi sakafuni kando yake, naye mwalimu akamwuliza, "Siku ingine nikiwa hapa, nifanye nini?" Dada yangu aliniambia kwamba katika maisha yake yote wanaume walikuwa wamemwuliza ana nini, na huyu ndiye wa kwanza kumwuliza afanye nini. Mchungaji wetu wa wakati huo alisema hatafungisha ndoa mpaka bibi harusi atolewe pepo mbele ya washirika, na atupe dawa zake kuonyesha imani. Phelista alimtazama akamwambia kwa adabu, "Mchungaji, wewe unavaa miwani, ni nani alikukemea macho?" Wakaoana serikalini tarehe 9 Agosti 2013, akiwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lenah mwaka wa 2014 na Kibet mwaka wa 2018.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mlidhani mnamjua. Mwaka wa 2015 Ian na mwenzake Wacuka, ambaye hupiga ngoma, walianzisha bendi ya kumwimbia Mungu kwa mtindo wa roki, na kwa kuwa hakuna kanisa Kitale lililotaka kelele hizo, Phelista aliwapa chumba chake cha cherehani wakati wa jioni, wakafanya mazoezi kati ya marobota ya vitambaa. Bendi hiyo ni Mwamba Uliopasuka, na nyimbo zake mmeziimba kutoka hapa mpaka Webuye, na hakuna hata wimbo mmoja kati ya zile tatu mnazozipenda sana ambao haukutoka kinywani mwa huyu mwanamke aliyelala mbele yenu. Alikuwa akisema jambo huku mguu uko kwenye cherehani, Ian analishika anatafuta sauti yake kwenye gitaa. Wimbo wa Harufu ya Machungwa, ambao mnausema ni wa mbinguni, ni harufu aliyokuwa akiisikia kabla ya kuanguka, ikimwambia aketi chini haraka. Wimbo wa Nani Ameketi Nami, ambao makanisa huuimba Pasaka kwa ajili ya ufufuo, ni swali alilouliza kila alipozinduka, na mara nyingi jibu lilikuwa hakuna. Na ule mkubwa, Nigeuze Ubavu, ambao nimeona uwanja mzima ukiinua mikono, ni yale maneno ya muuguzi wa Lugulu, neno kwa neno. Nyinyi wahubiri mlieleza kwenye redio kwamba jiwe linaloondolewa ni jiwe la kaburi la Lazaro, naye alikuwa akisikiliza akishona, anacheka mpaka anashika tumbo, anasema, "Mimi nilisema jiwe ya kawaida bana, hii ya barabara."

Ian alieleza jambo hili kila alipopewa kipaza sauti, tena mbele ya dada yake, lakini mlimpigia makofi, mkasema ni ushuhuda mzuri, kisha mkarudi kuimba juu ya Lazaro.

Tarehe 4 Desemba 2022, Jumapili, bendi ilialikwa kwenye mkutano mkubwa wa injili hapa Kitale, na Phelista alisimama mbele karibu na jukwaa, na katikati ya wimbo wake mwenyewe akaanguka. Wahudumu wenye vitambulisho shingoni walimburuta nyuma ya hema, wanne wakamkalia mikono na miguu, mhubiri akashuka akimpigia kelele pepo aseme jina lake, na wakati huo huo watu maelfu upande wa pili wa turubai walikuwa wakiimba usinishikilie, usinishikilie. Ian aliacha gitaa likilia peke yake akaruka chini, na mwenye mkutano akamshika shati akimwambia, "Si umalizie wimbo kwanza, watu wamebarikiwa." Dada yangu alitoka pale na bega limeteguka. Tangu siku hiyo bendi haikualikwa tena na makanisa yaliyoandaa mkutano ule, ikisemwa kwamba familia ya Ian ina shida ya kiroho, lakini nyimbo zenyewe hazikufukuzwa, kwaya ziliendelea kuziimba.

Kuhusu kifo chake. Jumatatu tarehe 6 Oktoba mwaka huu wa 2025, marehemu alisafiri kwenda mjini Bungoma kununua vitambaa vya sare, kama alivyozoea, na baada ya mvua ya mchana alianguka kando ya barabara karibu na msikiti, uso ukaingia kwenye dimbwi ambalo halikuwa na kina cha kufika kifundo cha mguu. Watu walikuwa wengi. Najua walikuwa wengi kwa sababu walimpiga picha, na ile video imefika kwenye simu zenu, na nimelazimika kuisikiliza. Ndani yake kuna sauti ya mwanamume inauliza, "Huyu si dada ya yule Ian wa Mwamba?" na nyingine inajibu ndiyo, ni yeye, na ya tatu, ya mwanamke, inasema, "Ati usimguse, hiyo kitu inashika." Walimjua, wimbo waliujua, na wakasimama. Ndugu zangu, maji yale yangemkosa kwa kumgeuza tu, jambo la mkono mmoja, ambalo hata mtoto angeliweza, na watu wazima wenye kumjua Mungu waliona afadhali kushika simu.

Aliyekuja ni mama mmoja anayeitwa Arafa, mwenye duka la leso mtaa ule, aliyetoka dukani kuona watu wamekusanyikia nini, akapita katikati yao, akapiga magoti kwenye matope, akamgeuza, akamtoa tope kinywani, akamvulia leso yake kumfunika. Yeye na mumewe Farid walimpeleka hospitali kwa gari lao wakakaa hapo mpaka mwalimu Kiptum alipofika. Nilipomwuliza kama alimjua dada yangu kwa zile nyimbo, alisema, "Hapana, mimi sikujua ni nani. Niliona mtu uso uko kwa maji." Madaktari walipigania mapafu yake, lakini yalikuwa yameharibika, na Alhamisi tarehe 9 Oktoba Phelista akatutoka, akiwa na miaka thelathini na sita. Hakufa kwa kifafa, naomba liandikike mioyoni mwenu, kifafa alikuwa amekiweza kwa dawa na kwa akili yake, alikufa kwa watu waliosimama.

Nami ningedhani kifo hicho kimetufundisha. Lakini Jumatano wiki hii, saa za chai, hapa hapa katika boma hili, watu wakiwa wamejaa hema wakituliwaza, binti yake Lenah alianguka. Ndiyo, Lenah pia anaugua, tangu mwaka juzi, na ninalisema kwa idhini ya baba yake na kwa idhini yake mwenyewe, aliyeniambia jana, "Mama mkubwa, wewe sema tu." Mtoto alianguka kati ya viti, na mliokuwa karibu mliinuka, mkavuta viti vyenu, mkavuta na watoto wenu, mkamwachia nafasi kubwa kama ya kuchezea mpira, mkamwombea kutoka mbali. Aliyekuja ni mama yetu. Huyu mama, mnayemwona hapo na kitambaa cheusi, kwa miaka mingi aliamini mliyomwambia, alimshikilia Phelista akilia, alimfungisha, alimpeleka kwa kila mwenye mafuta, na hata baada ya Lugulu hakuthubutu kumgusa akianguka, alimwita baba. Jumatano hakumwita mtu. Aliiacha fimbo yake, akashuka chini na magoti yake mabovu, akamlaza mjukuu wake kwa ubavu, akaweka kiganja chake chini ya shavu la mtoto, akakaa kwenye vumbi hilo, na Lenah alipofungua macho na kuuliza ni nani yuko hapo, bibi yake alimjibu, "Ni kukhu, mama. Sitoki." Nilimwona mama yangu akimgusa mtoto mwenye kifafa bila hofu kwa mara ya kwanza, na yule aliyepaswa kuguswa hivyo zamani alikuwa bado chumba cha maiti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bungoma waliojaribu kila njia, na kwa namna ya pekee wahudumu wa Lugulu waliomtibu kama mtu tangu akiwa msichana. Inawashukuru majirani wa Kitale, mafundi wenzake nyuma ya soko waliofunga kazi wiki nzima, walimu wanaofundisha na Kiptum, na Wacuka na wanabendi, ambao leo hawatapiga chochote, kwa ombi la Ian, kwa hivyo kwaya mliojiandaa na nyimbo zile tunawaomba mzikalie. Inamshukuru Bi Arafa na Bwana Farid, walioketi safu ya mbele na familia, maana hapo ndipo mahali pao. Mlioshika simu hatuwashukuru. Lenah atarudi shuleni Jumatatu, na walimu wake, na madereva, na wauza mboga wa njia ile, sasa mnajua jina lake.

Phelista, binti Wabwile, mke wa Kiptum, mama Lenah na Kibet, pumzika wewe kwa amani, umeishi vizuri kuliko tulivyokutendea. Sisi tuliobaki hatujastahili kupumzika.