Mama Truphena na Sentensi ya Lina

Alhamisi hii, tarehe 26 Juni 2025, Bi. Truphena Nekesa anastaafu baada ya kuwatunza watoto wa darasa letu la Kijerumani, hapa mtaa wa Malaz, Riyadh, kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya kuja Riyadh alikuwa yaya Jeddah, katika nyumba iliyoongea Kijerumani mezani na Kiarabu kwingine kote. Huko ndiko alikookota lugha hiyo, kwa masikio tu.

Watoto wetu wengi wana mzazi mmoja Mjerumani. Kijerumani chao ni cha nyumbani, na kila mmoja hupanga maneno kwa njia yake. Walimu wageni huchanganyikiwa. Mama Truphena alijua nani huweka kitenzi mwisho, na nani hukitanguliza akikasirika.

Februari 2019 mimi nilikuwa na wiki tatu kazini. Emil, wa miaka sita, alivunjika mkono kwenye ngazi. Mwalimu mpya akamuuliza Lina, wa miaka mitano, aliyeona yote. Lina akajibu: "Rosebellah hat Emil geschubst."

Rosebellah ni mimi. Mwalimu alielewa kwamba nilimsukuma Emil. Nilieleza kuwa Emil ndiye aliyenisukuma kwa mchezo, kisha akateleza. Hakuna aliyeniamini. Meneja alichukua ikama yangu, yaani kibali cha ukaazi, na kumpigia simu kafili, mdhamini wangu. "Halas, yamekwisha, unarudi Kenya," akaniambia. Babake Emil alikuwa njiani, akitishia kwenda polisi.

Mama Truphena aliingia bila kuitwa. Mkataba wake mwenyewe ulikuwa ukingoja sahihi ya meneja huyo huyo.

"Bosi, huyu mtoto humtaja kwanza aliyetendwa," alisema. "Nipe dakika mbili tu."

Alichukua farasi na ng'ombe wa plastiki, farasi akamwangusha ng'ombe, kisha akamwomba Lina asimulie. Lina alianza na ng'ombe. Wanyama wakabadilishana zamu, na tena akaanza na aliyeanguka. Mwalimu, uso umemwiva, akakiri kwamba Kijerumani kinaruhusu mpangilio huo, na kwamba sentensi ya Lina yaweza pia kumaanisha Emil alinisukuma mimi.

"Sasa tuonyeshe ya Emil, kwa mikono."

Lina alinizunguka, akaweka viganja mgongoni mwangu, akasukuma.

Meneja alinirudishia ikama bila kunitazama. Babake Emil alipofika, Mama Truphena ndiye aliyemlaki mlangoni, akakaa naye nusu saa, na habari ya polisi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo, mtoto akisema jambo zito, lazima wasikilize watu wawili. Kanuni hiyo aliidai yeye.

Nilimuuliza baadaye kama hakuogopa. "Niliogopa sana, mwanangu," alijibu. "Lakini ningenyamaza, ningekula vipi chakula cha jioni?"

Mama, asante kwa kusimama nami. Wafanyakazi wote wa Malaz tunakuombea ufike nyumbani Kimilili salama, ukawakumbatie wajukuu uliowajua kwa simu tu, na Mungu akujalie siku nyingi za raha.